Kabla Hadithi Haijaanza: Ufunguzi wa Filamu za Ujasusi, 1959 hadi 2006

Ndugu wahitimu wenzangu, nanyi wadogo zetu mnaoyakalia madawati yale yale tuliyoyakalia sisi:

Kurasa za historia katika jarida letu zimezoea habari za watawala, vita, mikataba na waasisi wa shule. Safari hii naomba ruhusa nizungumzie dakika tatu. Ndio muda, pengine pungufu, unaopita kabla hadithi ya filamu haijashika njia, wakati majina ya waigizaji, mtunzi wa muziki na mwongozaji yanapopita mbele ya macho yetu. Watazamaji wengi huutumia muda huo kutafuta kiti, kunong'ona na jirani, au siku hizi kubonyeza kitufe cha kuruka mbele. Nataka kuonyesha kwamba katika filamu za ujasusi dakika hizo ni sehemu ya hoja yenyewe. Azisomaye kwa makini ataona jinsi Wamarekani na Waingereza walivyobadili fikra zao juu ya kazi ya siri ya dola, tangu mwaka 1959 hadi 2006.

Wala jambo hili si geni kwetu. Msimulizi wa ngano hakuanza kabla ya kusema "Paukwa" na kuitikiwa "Pakawa". Kwa maneno hayo mawili watoto walitolewa katika mambo ya jikoni wakaingizwa katika nchi ya sungura na fisi. Katika ukumbi wa taarabu ya Unguja, bashrafu hupigwa kwanza bila mwimbaji, ili masikio yatulie na watu wajue wamealikwa karamu ya namna gani. Ufunguzi wa filamu hufanya kazi hizo zote mbili: huita, na huuandaa moyo. Lakini una kazi ya tatu, nayo ndiyo ninayoishughulikia hapa. Humweka mtazamaji mahali, humwambia atazame kwa jicho la nani.

Zamani sehemu hii haikuheshimiwa. Katika majumba mengi ya sinema ya Marekani majina yalionyeshwa juu ya pazia lililokuwa bado limefungwa, na pazia likafunguliwa pale tu hadithi ilipoanza. Aliyesaidia sana kuivunja desturi hiyo ni Saul Bass, mchoraji wa matangazo aliyezaliwa New York mwaka 1920. Alipotengeneza ufunguzi wa The Man with the Golden Arm mwaka 1955, makopo ya filamu hiyo yalipelekwa yakiwa na maagizo kwa waendesha mitambo kwamba pazia lifunguliwe kabla ya majina kuanza.

Miaka minne baadaye, 1959, Bass alitengeneza ufunguzi wa filamu ya Alfred Hitchcock iitwayo North by Northwest. Skrini ni ya kijani tupu. Mistari inaingia, mmoja baada ya mwingine, ikikatana kwa mshazari kama ukurasa wa daftari la hesabu ulioinamishwa. Majina yanapanda na kushuka juu yake kama watu ndani ya lifti. Kisha mistari ile inageuka kuwa madirisha ya jengo refu la New York, na katika vioo vyake twaona magari yakipita barabarani. Muziki wa Bernard Herrmann unakimbia kama ngoma ya Kihispania isiyompa mchezaji nafasi ya kuvuta pumzi. Hadithi inayofuata ni ya mfanyabiashara wa matangazo ambaye watu wabaya wanamdhania kuwa jasusi fulani. Jasusi huyo hayupo. Jina lake limebuniwa na idara ya serikali ili kuwapotosha maadui. Mistari ile ilikuwa imekwisha kutuonya. Mji ni wavu, watu ni alama juu ya karatasi, na aliyeshika kalamu haonekani. Hapa ujasusi ni hofu ya raia wa kawaida kunaswa katika mipango ambayo hakuulizwa habari zake.

Baada ya hapo mambo yaligeuka. Tarehe 5 Oktoba 1962 ilionyeshwa London kwa mara ya kwanza filamu ya Dr. No, ya kwanza katika mfululizo wa sinema za James Bond. Ufunguzi wake uliandaliwa na Maurice Binder, Mmarekani aliyekuwa akifanya kazi Uingereza. Yeye mwenyewe alieleza baadaye kwamba wazo la kwanza lilimjia kwa haraka, zikiwa zimebaki dakika 20 tu kabla ya kukutana na watayarishaji. Alikuwa na vibandiko vidogo vyeupe vya kuandikia bei, akavitumia kama matundu ya risasi yanayokatiza skrini. Kidoto cheupe kinakwenda kutoka kushoto hadi kulia, kinafunguka, na ndani yake anaonekana mtu akitembea. Kumbe tunamtazama kupitia mtutu wa bunduki. Mtu yule anageuka ghafla, anafyatua risasi kutuelekea sisi, na wekundu unateremka kulifunika jicho letu.

Picha ile ilipigwa kupitia mtutu halisi. Kwa kuwa lenzi ya kawaida haikuweza kuonyesha vizuri michirizi inayozunguka ndani ya mtutu pamoja na mtu aliye mbali, Binder alitumia kamera ya tundu dogo mno, kama tundu la sindano, ambayo huonyesha ya karibu na ya mbali kwa uwazi ule ule. Na yule mwenye kofia tunayemwona katika filamu tatu za mwanzo si Sean Connery, bali ni Bob Simmons, aliyekuwa akiigiza matendo ya hatari. Connery mwenyewe aliingia katika mtutu mwaka 1965, katika Thunderball, kwa sababu picha ya filamu hiyo ilikuwa pana zaidi na ilibidi kipande hicho kipigwe upya.

Sasa tuulize: jicho lile ni la nani? Si la Bond. Ni la adui anayemvizia. Tumewekwa mahali pa mviziaji, tumepigwa risasi, na papo hapo muziki unatukaribisha tumshangilie aliyetupiga. Ni hila kubwa kufanyika kwa sekunde chache. Baada ya hapo ni vigumu kuuliza kama alikuwa na haki ya kufyatua. Leseni ya kuua, ambayo katika hadithi hutolewa na serikali, katika ufunguzi hutolewa na mtazamaji mwenyewe.

Ufunguzi wa Dr. No una jambo jingine lisilosemwa mara nyingi. Baada ya vidoto vya rangi na vivuli vya wachezaji, wanaingia watu watatu wakitembea kwa mkongojo, mmoja nyuma ya mwenzake, na wimbo wa watoto wa Kiingereza kuhusu panya watatu vipofu unaimbwa kwa mdundo wa kalipso. Vivuli hivyo vinageuka kuwa watu halisi katika mtaa wa Kingston, Jamaika. Ni ombaomba vipofu. Na baada ya dakika chache twajua kwamba si vipofu wala si ombaomba, ni wauaji. Filamu hiyo ilianza kupigwa Jamaika mwanzoni mwa mwaka 1962, kisiwa kikiwa bado koloni la Waingereza. Kilipata uhuru tarehe 6 Agosti mwaka huo huo, miezi miwili kabla ya onyesho la London. Kwa hiyo nchi iliyokuwa inangoja kupandisha bendera yake ilitambulishwa kwa watazamaji wa dunia kama mahali ambapo hata kipofu wa barabarani si wa kuaminiwa. Siku kumi na moja baada ya onyesho lile, tarehe 16 Oktoba, Rais Kennedy aliarifiwa kwamba kulikuwa na makombora ya Kisovieti Kuba. Watengenezaji wa filamu hawakuyajua hayo walipokuwa wakitunga hadithi ya kisiwa cha Karibi kinachovuruga roketi za Marekani. Lakini watazamaji waliofuata waliikuta hofu ikiwa tayari imevikwa vazi, na muziki wake upo.

Filamu mbili zilizofuata zilifunguliwa na Robert Brownjohn, Mmarekani mwingine aliyehamia London. Katika From Russia with Love ya mwaka 1963 alimulika majina kwa projekta juu ya mwili wa mwanamke anayecheza, hata herufi zikawa zinapinda na kukatika juu ya ngozi. Katika Goldfinger ya mwaka 1964 alimpaka mwanamke rangi ya dhahabu na kumulika juu yake vipande vya filamu: mikono, magari, nyuso za wanaume. Shirley Bassey anaimba kwa sauti ya kutisha na kuvutia. Kisha katika hadithi tunamkuta mwanamke mwingine amelala kitandani, amekufa, amepakwa dhahabu mwili mzima. Ufunguzi ulikuwa umekwisha kutuonyesha maiti, nasi tukaidhani pambo.

Hilo ni la kutafakari, hasa kwa shule ya wavulana. Kwa miaka 24 Binder, aliyerudi kazini mwaka 1965 na kuendelea hadi Licence to Kill ya mwaka 1989, aliijaza sehemu ya majina vivuli vya wanawake wasio na nyuso. Ustadi wa kazi yake siubishii. Lakini mwili wa mtu ukishakuwa skrini ya kumulikia majina ya wengine, na jina la mwenye mwili halimo katika hadithi, tumefundishwa jambo fulani juu ya nani ni mtu na nani ni chombo. Tumefundishwa bila neno moja kusemwa, na kwa hiyo bila nafasi ya kubisha.

Si wote walioridhika na picha hiyo ya ujasusi, na mwaka 1965 majibu mawili yalitoka Uingereza. La kwanza ni The Ipcress File, iliyotayarishwa na Harry Saltzman, mmoja wa watayarishaji wale wale wa Bond, na kutiwa muziki na John Barry, aliyeupanga muziki maarufu wa Bond uliotungwa na Monty Norman. Saa ya kengele inalia. Kila kitu ni ukungu, kwa sababu tunatazama kwa macho ya mtu asiyevaa miwani. Anaipapasa, anaivaa, na dunia inaonekana. Mtu huyo, Harry Palmer, anayeigizwa na Michael Caine, anasaga buni zake, anatengeneza kahawa, anavaa, na anatoka kwenda kazini. Barry alitumia simbalomu, ala ya Ulaya ya Mashariki ambayo nyuzi zake hupigwa kwa vijiti badala ya kukwanyuliwa kama za ganuni, na sauti yake ni ya upweke na mashaka. Hapa hatuviziwi wala hatuvizii. Tunaona kwa jicho la mfanyakazi mwenye macho mabovu, ambaye atahangaika na fomu, wakubwa wake na nyongeza ya mshahara.

Jibu la pili ni The Spy Who Came in from the Cold, iliyoongozwa na Martin Ritt kutokana na riwaya ya mwaka 1963 ya John le Carré, mtu aliyewahi kufanya kazi hiyo mwenyewe. Picha ni nyeusi na nyeupe. Ni usiku, kituo cha ukaguzi cha Berlin, mji uliokuwa umekatwa kwa ukuta tangu Agosti 1961. Kamera inatambaa polepole penye seng'enge na taa. Hakuna wachezaji, hakuna wimbo, na majina yanapita kama orodha ya zamu. Muda si mrefu mtu atajaribu kuvuka kwa baiskeli na atapigwa risasi. Risasi hiyo haituelekei sisi, na hakuna anayeshangilia. Tumewekwa mahali pa mtu anayengoja kwenye baridi asiyeweza kufanya lolote.

Wamarekani nao walikuwa na njia yao. Mwaka 1966 televisheni yao ilianza mfululizo wa Mission: Impossible. Kiberiti kinawashwa, utambi unashika moto, na moto unakimbia skrini nzima huku vipande vya kisa kitakachofuata vikipita upesi mno kiasi cha kutoeleweka. Lalo Schifrin, mwanamuziki kutoka Argentina, alitunga muziki wa mapigo matano badala ya manne, hata mguu wa msikilizaji unakosa pa kutua. Milio miwili mirefu ikifuatwa na miwili mifupi, ambayo katika alfabeti ya Morse husomeka M na I. Katika ufunguzi huu ujasusi ni fundi anayeshindana na saa. Swali la haki halina nafasi; utambi unaungua, na kuuliza ni kupoteza muda.

Ufunguzi ninaouheshimu kuliko yote ni wa mwaka 1979, katika mfululizo wa BBC uitwao Tinker Tailor Soldier Spy, nao pia kutokana na riwaya ya le Carré. Hakuna bunduki. Kuna mwanasesere mmoja wa mbao wa Kirusi, wale wanaobebana tumboni. Anafunguka, ndani yake yumo mwingine mwenye uso wa hasira zaidi, naye anafunguka, mpaka wa mwisho, ambaye hana uso kabisa. Hadithi ni ya msaliti aliyejificha katika ngazi za juu za idara ya ujasusi ya Uingereza. Haikuwa ndoto. Guy Burgess na Donald Maclean walitorokea Urusi mwaka 1951, na Kim Philby akawafuata Januari 1963. Mfululizo huo ulimalizika kuonyeshwa Oktoba 1979, na tarehe 15 Novemba mwaka huo huo Waziri Mkuu Margaret Thatcher alilitangazia Bunge kwamba Anthony Blunt, msimamizi wa zamani wa picha za Malkia, naye alikuwa jasusi wa Warusi. Serikali ilikuwa imelijua jambo hilo tangu mwaka 1964. Mwanasesere asiye na uso alikuwa akila chakula cha jioni na wakubwa.

Mimi ni mtumishi wa umma, na labda ndiyo sababu wanasesere wale wananigusa kuliko mtutu. Katika masjala nimeshika majalada ya kutosha kujua kwamba siri kwa sehemu kubwa ni karatasi: dokezo, saini, tarehe, na nani alilisoma jalada kabla ya nani. Mhuri wa SIRI unaweza kuilinda nchi. Unaweza pia kulinda uzembe wa mtu mmoja. Aliye nje ya jalada hawezi kutofautisha, na mara nyingine hata aliye ndani hawezi. Ufunguzi ule wa mwaka 1979 unalisema hilo kwa vipande vya mbao.

Kisha Vita Baridi vikaisha. Ukuta wa Berlin ulifunguliwa tarehe 9 Novemba 1989, na Muungano wa Kisovieti ukavunjika Desemba 1991, mwaka ule ule aliofariki Maurice Binder. Bond aliporudi mwaka 1995 katika GoldenEye, ufunguzi ulitengenezwa na Daniel Kleinman. Filamu inaanza mwaka 1986 ndani ya Urusi ya Kisovieti, na hadithi inaendelea miaka tisa baadaye. Kati ya nyakati hizo mbili ipo sehemu ya majina. Tina Turner anaimba, na wanawake wenye nyundo wanavunjavunja sanamu za viongozi wa Kisovieti na alama za nyundo na mundu. Yaani kuanguka kwa dola kubwa, jambo lililogusa maisha ya mamia ya mamilioni ya watu, kumesimuliwa ndani ya wimbo mmoja. Kwa ufundi ni jambo la kustaajabisha. Kwa historia ni la kutahadharisha, kwani sanamu zinavunjwa na vivuli wasio na majina, na wananchi wenyewe waliojaza viwanja vya miji ya Ulaya ya Mashariki hawamo.

Mfano wangu wa mwisho ni Casino Royale ya mwaka 2006, ambayo ufunguzi wake pia ni wa Kleinman. Kabla ya majina tunaonyeshwa, kwa picha nyeusi na nyeupe, Bond akipigana na mtu katika choo cha umma. Ni mapigano ya kuchosha na ya aibu. Mtu yule anaangushwa, inadhaniwa amekwisha, lakini anainua bastola. Bond anageuka na kufyatua, na papo hapo picha inakuwa ile ya mtutu, na wekundu unateremka. Kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1962 jicho lile lina mwenyewe. Ni la mtu tuliyemwona akihema na kuhangaika juu ya vigae vya choo. Katika majina yanayofuata wale wanawake wachezaji wameondolewa. Wanaume wanapigana, na anayepigwa anavunjika vipande vya kopa na shupaza, kama karata. Imechukua miaka 44 kwa mfululizo ule kulijibu swali la jicho ni la nani, na jibu limepitishwa kwa sekunde chache tu.

Mtauliza, yatuhusu nini haya? Kizazi changu kilizitazama filamu hizi kwa kanda za video, na mwenye video mara nyingi alizirusha mbele sehemu za majina ili kuokoa muda. Ninyi mnazitazama kwenye simu, na mashine yenyewe inawauliza kama mnataka kuruka. Mkiruka mnapoteza pale ambapo filamu inatoa masharti yake. Dola ina haja ya siri, na sitabishana na hilo. Lakini kijana wa leo huenda akaijua kazi ya siri ya dola kwa sinema kabla hajaijua kwa katiba ya nchi yake. Akiwa ameizoea kama dansi, hatauliza ni nani aliyeidhinisha, ni nani anayekagua, na ni nani aliyekuwa upande wa pili wa mtutu. Akiwa ameiona pia kama ofisi, kama baridi ya Berlin, kama mwanasesere asiye na uso, atauliza. Nchi inahitaji watu wanaouliza, hata ndani ya ofisi zake.

Kwa hiyo natoa pendekezo kwa klabu ya midahalo ya shule. Jumamosi moja onyesheni ufunguzi tatu tu, wa 1962, wa 1979 na wa 2006, bila filamu zenyewe. Hautachukua hata robo saa. Kisha kila mwanafunzi aandike kwenye karatasi alikuwa amesimama wapi katika kila mmoja: nyuma ya bunduki, mbele yake, au chumba cha pili akipitisha jalada. Karatasi hizo zikusanywe na zisomwe kwa sauti. Nitafurahi sana kusikia mwalimu wa zamu alipata majibu gani.